Jinsi ya Kuitoroka Klorokwini: Mwongozo kwa Kimelea cha Malaria

Ewe Plasmodium falciparum, mjue kwanza adui yako. Ukishajichimbia ndani ya chembe nyekundu ya damu unakula himoglobini, na unaimeng'enya kwenye vakuoli, kifuko chako chenye asidi. Masalia yake, hemu, ni sumu kwako, kwa hiyo unayageuza kuwa fuwele zisizodhuru. Klorokwini, dawa ya malaria, inakufuata humo humo. Hupenya utando ikiwa haina chaji, ikikutana na asidi inapata chaji chanya mbili na haiwezi tena kutoka. Ikilundikana, fuwele hazifanyiki, hemu inakugeukia, unakufa. Usihangaike kuivunjavunja dawa hiyo. Itoe nje.

Kazi hiyo ipe PfCRT. Ni protini yenye asidi amino 424, imepenya utando wa vakuoli mara 10, na katikati ina uwazi unaoelekea ndani ya kifuko. Wanasayansi walionyesha umbo lake mwaka 2019 kwa hadubini ya elektroni, nao wamekukaribia kuliko unavyodhani. Iangalie nafasi ya 76. Hapo pana laisini, ambayo ina chaji chanya, na chanya husukumana na chanya: klorokwini haipiti. Weka threonini isiyo na chaji, na uwazi ule utakuwa mlango wa kuitolea dawa. Ila badiliko hilo peke yake halitoshi. Lisindikize na mengine kwenye protini hiyohiyo. Ukishindwa kuyapanga, subiri yaliyopangwa tayari Asia ya Kusini-Mashariki. Ndiko ulikotoka usugu ulioenea Afrika, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 ulikuwa umeripotiwa Kenya na Tanzania.

Sasa mtegemee binadamu. Waliowahi kuimeza klorokwini wanaukumbuka uchungu wake ulimini na ule muwasho: mtu anajikuna usiku kucha, mgongo anausugua ukutani, usingizi hauji. Basi wengi walimeza vidonge vya siku ya kwanza, homa ikashuka, vilivyobaki vikafungwa kwenye karatasi kungojea homa nyingine au mgonjwa mwingine. Dawa haba damuni iliwaua wenzako wanyonge ikakuachia wewe uwanja. Waliolipia hayo ni watoto: dawa ilipozidi kushindwa, vifo vyao kwa malaria vikaongezeka.

Jihadhari na jambo moja. PfCRT kazi yake ya asili ni kutoa vipande vya himoglobini uliyoimeng'enya, nawe ukiigeuza kuwa mtoa dawa, kazi hiyo inazorota. Klorokwini ikiwepo unavumilia. Ikiondolewa, wenzako ambao hawakubadilika wanakupita kwa kustawi. Malawi iliiacha mwaka 1993. Utafiti wa Blantyre uliochapishwa mwaka 2006 ukaonyesha kwamba iliwaponya watoto 79 kati ya 80. Kenya ilikuwa imeiacha mwaka 1998, Tanzania mwaka 2001. Tena lumefantrini, iliyomo kwenye dawa ya mseto ya Alu, inawaumiza zaidi wenye threonini kwenye nafasi ya 76. Ule ujanja wako wote umekuwa udhaifu.

Nawe msomaji, pima kwanza. Ukikutwa na malaria ukapewa Alu, meza dozi zote 6 kwa siku 3 pamoja na chakula chenye mafuta, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza.