Roma Waje Bunda Wajifunze

Nawahurumia wenzetu wa Jimbo Katoliki la Musoma. Mwaka 2005 walianzisha mchakato wa kumtangaza Mwalimu Nyerere mwenye heri, na hadi leo Roma inadai muujiza: mgonjwa aliyepona, vyeti vya hospitali, na madaktari wanaokiri kwamba hawana maelezo. Mtu amezikwa Butiama tangu 1999, bado wanaulizana karatasi!

Wangekuja Bunda, jirani na stendi, kwenye mihadhara ya kubishana kama Mungu yupo. Hapo kuwapo kwa Mungu huthibitishwa kabla petroli ya jenereta haijaisha. Mkongojo ukirushwa jukwaani, ushahidi umetimia. Nani wa kumuuliza mwenye mkongojo alikuwa anaumwa nini, au anaishi mtaa gani? Mpinzani naye si haba: anamtaka Mungu ateremke sasa hivi, na asipotokea ndani ya dakika tano, basi hayupo. Na spika zikizidi ukubwa, hoja huzidi uzito, kwani mkweli ni yule anayesikika hadi ng'ambo ya barabara. Mahakama zetu zikiiga, mrundikano wa kesi utakwisha kwa wiki moja.

Ombi langu kwa Roma ni dogo: achaneni na madaktari, kodini spika Musoma mjini. Mafuta tutachanga.