Shangazi, Kijerumani Kinanichezea

*Shangazi, niko na Kijerumani tangu Kidato cha Kwanza na nimechoka. Jumatatu kinaniambia der Tisch, Jumanne den Tisch, Jumatano dem Tisch. Msichana kinamwita das, kama kitu! KCSE iko mlangoni. Nikiache au nivumilie? – Niliyechezewa, Nakuru*

Mwanangu, kabla hujakishtaki Kijerumani kwa ugeugeu, jisikilize unavyosema: kiti kizuri, mti mzuri, nyumba nzuri, maji mazuri. Kivumishi kimoja umekivika nguo nne na hukumwomba mtu radhi. Umekulia katika lugha ambayo wanaisimu huihesabia ngeli zaidi ya kumi. Kijerumani kina tatu. Kilichokuponza ni kuambiwa kwamba der ni ya kiume, die ya kike na das ya vitu, nawe ukaanza kuitafuta jinsia ya meza. Haina. Der Tisch ni meza ya ngeli ya der, basi, kama mti ulivyo wa u-i ingawa una uhai kuliko sanamu. Na huyo msichana unayemtetea, Mädchen, ameponzwa na mkia wake: -chen ni alama ya udogo, na kila neno lenye mkia huo ni la das, kuanzia das Brötchen hadi das Häuschen. Sasa sema “kitoto kile kinalia.” Umemng'oa mtoto kwenye a-wa ukampeleka ki-vi kwa udogo wake tu, tena mama yake akisikia. Mark Twain, yule mwandishi wa Marekani, alichapisha insha nzima mwaka 1880 akiyalalamikia mambo haya. Yeye ana udhuru, kwa kuwa Kiingereza hakikumzoesha ngeli. Wewe huna.

Utaniambia ngeli zetu huonekana usoni pa neno, ilhali Tisch halina uso. Kweli, lakini nusu. Kijana na kipofu wana uso wa ki-, na bado tunasema kijana amefika. Shule je? Ni herufi gani ndani yake inayokuambia “shule hii, shule hizi”? Na neno lenyewe ni la Kijerumani, Schule, kama hela ilivyotokana na Heller, sarafu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kwao yalikuwa die Schule na der Heller. Sisi tuliyavua hayo tukayatia katika i-zi, na kila mtoto huyajua kwa kusikia “shule yetu” na “hela zangu”, bila kanuni yoyote. Isitoshe, Kijerumani nacho kina alama, ila kimeziweka nyuma: majina yanayoundwa kwa -ung, -heit, -keit na -schaft ni ya die. Yanayoishia kwa -e mengi ni ya die pia, ingawa der Junge na der Käse yamekataa kutii.

Kwa hiyo usiandike tena daftarini “Tisch: meza.” Andika neno pamoja na wenzake: der Tisch, die Tische, ein neuer Tisch. Najua utasema huna muda, na kwamba kukariri maneno matupu ishirini kwa siku ni haraka zaidi. Ni haraka mpaka uandike sentensi. Ukikosea ngeli ya meza, Ich kaufe einen neuen Tisch imeharibika mara mbili, na sentensi inayofuata, Er ist teuer, imeharibika mara ya tatu, maana huyo er ni meza. Ni sawa na mtu kusema “kiti ile mpya imevunjika”: neno la kiti analijua, lakini kila linalofuata linamwumbua.

Kuhusu den na dem, punguza kilio. Kwenye shamirisho kipozi der pekee ndiyo hugeuka kuwa den. Die na das hubaki zilivyo. Na dem unaijua kwa sura nyingine. “Namwandikia baba barua”: ile -i- iliyojibanza ndani ya kitenzi ndiyo inayotuambia barua ni ya nani. Mjerumani huiacha schreiben kama ilivyo na kuning'iniza habari hiyo kwa baba, Ich schreibe dem Vater einen Brief. Mahali ambapo Kiswahili kitakusaliti ni shuleni. Sisi tunakwenda shuleni na tuko shuleni kwa -ni ileile, lakini wao huenda in die Schule wakawa in der Schule, na hiyo der ya pili si ya Tisch hata kidogo. Jioni zako zipeleke hapo.

*Shangazi, nilijibu kwamba halb drei ni saa tisa na nusu, mwalimu akacheka. – Wa Saa Mbovu*

Alikuwa na sababu. Halb drei ni nusu ya safari kuelekea drei, yaani saa nane na nusu kwetu. Rudi nyuma nusu saa kwanza, ndipo ufanye ile hesabu yako ya saa sita. Ukianza na sita, nusu utaisahau.

*Shangazi, kwenye insha niliandika kwamba nilimpa mama ein Gift siku yake ya kuzaliwa. Nimekosea wapi? – Mwana Mwema*

Gift ni sumu, mwanangu. Zawadi ni das Geschenk. Ila naona uliandika ein, si eine wala einen, ngeli umeipata.