Nimelipa, Nikamwaga Maji

Binamu yangu anayeishi Dallas huvua samaki asiowala. Kila akipata likizo humlipa mtu ampeleke Ziwa Fork, huko huko Texas, kwa boti yenye mashine inayoonyesha samaki walikojificha. Huko humvua bass aliyenona, humbusu, hupiga naye picha, kisha humrudisha majini taratibu kama anayemlaza mtoto mchanga. Picha huzituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na shangazi zetu wa Kisarawe huuliza swali lile lile: "Mmempikaje?"

Mwaka jana alimpa msafiri mzigo aniletee: fimbo ya kuvulia inayokunjuka mpaka ikampita mtu mzima, kigurudumu cha kukunjia mshipi, na kisanduku cha vyura wa plastiki wenye ndoano tumboni. Ujumbe wake ulikuwa mfupi. "Kaka, na kwenu si kuna maziwa?"

Maziwa yapo. Bass ndiye kazi kumpata. Kwa upande wetu huu sifa zake ziko Naivasha, Kenya, alikopandikizwa mwaka 1929 na wazungu waliotaka burudani. Mimi likizo yangu ilishapangwa na mke wangu, na haikuwa Naivasha. Ilikuwa ukweni, Kiomboi, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida, mwezi wa saba, upepo ukivuma utadhani unadai kodi ya nyumba.

Nilipopita Singida mjini niliona maziwa mawili yameukumbatia mji, Singidani na Kindai, na mawe yake makubwa yamejipanga pembeni. Nikataka kuanzia hapo. Shemeji yangu akacheka. "Hayo maji ya chumvi, shemeji. Hapo watu hupiga picha wakala kuku. Ukitaka samaki wa kukuchosha, nenda Kitangiri."

Kabla ya kwenda ilibidi niage, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Anayeijua Singida anajua heshima ya kuku. Ukifika ukweni unachinjiwa, na hicho ndicho kiti chako cha mbele. Sasa mkwe kachinjiwa jogoo jioni, asubuhi anaaga anakwenda kutafuta samaki! Mama mkwe alinitazama, akaitikia vizuri, kisha akamvuta binti yake pembeni kumwuliza yule kuku wa jana alikuwa na kasoro gani.

Kutoka Kiomboi unateremka ukingo wa Bonde la Ufa, na kila unavyoshuka joto linapanda. Nilikuwa nyuma ya bodaboda, fimbo nimeishika wima, maana tulipoilaza ilikwaruza kila mgunga wa njiani. Katika kijiji kimoja vijana walitusimamisha kwa furaha kubwa. Mtandao ulikuwa umekatika, na wao walidhani nimeleta antena.

Tulya, kando ya ziwa, nikapata mwongozaji. Alikuwa mzee wa Kisukuma, mwembamba, suruali imekunjwa magotini. Alitaja elfu thelathini. Nikajitia ujanja, nikajitambulisha kuwa Mzaramo, nikitaraji utani wa Wazaramo na Wasukuma utanipunguzia bei.

"Mzaramo!" akapiga makofi. "Umeuza shamba la nani hata ukaja huku? Basi elfu arobaini. Mtani hapunguziwi."

Nikamwambia kwa wingi wa ng'ombe wa babu yake angeweza kunipeleka bure. Akafurahi sana. Bei ikabaki arobaini.

Mtumbwi ulikuwa wa mbao, na mahali mbao mbili zilipokutana palikuwa na kitambaa kilichosokomezwa tangu enzi. Mzee akanikabidhi kipande cha dumu la mafuta kilichokatwa ubavu. Nikauliza ni cha nini. Akanionyesha kwa kidole maji yaliyokuwa yanaingia, akachukua upondo wake, tukaondoka. Ziwa Kitangiri ni la kina kifupi, kwa hiyo upondo unafika chini bila taabu, na mtu anayejua hukusukuma mbali kabla hujamaliza sala.

Kuhusu mashine ya kuonyesha samaki, alikuwa nayo: mnandi. Ndege akizama, yeye anageuza mtumbwi. Mnandi wa pili akizama hapo hapo, anasimama. Kazi yangu ilikuwa kumwaga maji. Nikipumzika kidogo aliniuliza kama nataka kufika Eyasi, kwa sababu maji ya Kitangiri hutoka kwa Mto Sibiti kwenda huko, na yeye hajanitoza nauli ya Eyasi.

Nilipopata nafasi ya kusimama, nikarusha chura wangu. Upepo ukamchukua, ukampitisha juu ya mtumbwi, ukamtua kwenye kofia ya mzee. Nikavuta. Kofia ikaja. Mzee hakugombeza. Alisema tu kwamba katika maisha yake ya uvuvi hajawahi kuvuliwa.

Mrusho uliofuata ulinasa nyavu zake mwenyewe alizotega alfajiri, na hapo alinyamaza kabisa huku akinasua ndoano kutoka tundu hadi tundu. Ndani ya nyavu mlikuwa na perege. Kuna perege wa asili wa maziwa ya upande huu, wataalamu wanamwita Oreochromis amphimelas, ambaye hayupo nje ya Tanzania. Mlo wake ni mwani zaidi. Ungemtembezea vyura wa plastiki wa Texas nzima, asingegeuka.

Aliyegeuka ni kambale. Fimbo ilipinda ghafla mpaka ncha ikagusa maji, kigurudumu kikalia, na mimi nikaanza kupiga kelele za kiukoo. Mzee alinishika mkanda wa suruali kwa mkono mmoja, upondo kwa mwingine. Tukavutana, mshipi ukinikata vidole, hadi kichwa kipana kikatokea ubavuni, sharubu mbele, tukamwingiza. Kambale hana magamba, ana utelezi, na mapezi yake ya mbavuni yana miiba. Ndiyo maana sikumbusu. Nilipiga picha, nikamwambia mzee tumrudishe.

"Tumrudishe wapi?"

"Majini. Ndivyo mchezo ulivyo."

"Ameshaumia mdomo, ameshaona watu wawili, arudi akawasimulie wenzake?"

Nikamweleza habari za rekodi: bass wa kilo kumi na kidogo aliyevuliwa Georgia, Marekani, mwaka 1932 na George Perry, mpaka Mjapani mmoja alipomfikia mwaka 2009.

"Miaka yote hiyo kwa kilo kumi!" Akafikiri. "Na huyo wa kwanza alimrudisha?"

Hapo nikakwama, maana Perry alimpeleka nyumbani, familia ikamla.

"Huyo ni mvuvi," mzee akasema. "Binamu yako anasumbua samaki."

Nilikuwa natafuta jibu nilipohisi ubaridi kwenye vifundo vya miguu. Katika mabishano hakuna aliyekuwa anamwaga maji. Mzee akatazama chini. Kambale alikuwa amekwishaanza kuogelea kati ya miguu yetu, anakwenda mbele, anarudi nyuma.

"Haya mtani, umeshamrudisha majini. Sasa shika dumu."

Nilirudi Kiomboi jioni na kambale ndani ya kiroba. Samaki huyu ana kiungo cha kuvutia hewa, anaweza kukaa nchi kavu muda mrefu, na njia nzima ya mlima alinipiga mgongoni kunikumbusha. Nikaingia uani kwa mikogo, nikamwaga mzigo miguuni pa mama mkwe. Kambale akapindua mkia. Kuku wakatawanyika.

Mama mkwe akarudi hatua mbili. Mke wangu, aliyekuwa amejishika mdomo tangu mlangoni, hakuweza tena kuzuia kicheko. Ni yeye aliyenikumbusha kwamba wazazi wake ni Wasabato, na Wasabato hawali samaki asiye na magamba.

"Pole kwa kazi, mkwe," mama akasema, akamwita kijana akamate jogoo.

Kambale alichukuliwa na dereva wa bodaboda. Alichukua na nauli yake yote, bila kupunguza hata mia. Asubuhi yake, kabla sijanywa chai, alikuwa amesimama getini, pikipiki inanguruma.

"Bosi, leo unashuka tena ziwani? Mke wangu anauliza."