Mavu Aliyeingia Jikoni

Tulikuwa tunapika jamu ya plamu hapa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, alipoingia mdudu mweusi akaanza kuizunguka sufuria. Baba Salma akavua kandambili. Shangazi, aliyekuja kututembelea kutoka Handeni, ambako amefuga nyuki tangu usichana wake, akapaza sauti: "Ngoja kwanza, Baba Salma. Huyu simjui!"

Kandambili ilikwisha kuruka. Ikamkosa mdudu, ikapiga sufuria, jamu ya moto ikatapakaa hadi mlangoni. Salma akapanda mezani akilia. Katikati ya vurugu hiyo Shangazi alichukua glasi akamfunika mdudu palepale alipotua, kwenye kioo cha dirisha.

Ndipo tukamtazama vizuri. Mwili mweusi, uso wa rangi ya chungwa, mkanda mpana wa njano karibu na mkia, na miguu yenye ncha za njano kana kwamba amevaa soksi. Mavu wa Ulaya ni mkubwa kuliko huyu, ana wekundu kifuani na njano tele tumboni, na wengi huuawa bure kwa kufananishwa naye. Huyu alikuwa mavu wa Asia, aliyegunduliwa Ufaransa mwaka 2004 na Uingereza mwaka 2016. Huelea mbele ya mzinga, humnyakua nyuki anayerudi, humkatakata, kisha hupeleka kifua chake kwa mabuu. Na jirani yetu ana mizinga nyuma tu ya ua.

Baba Salma akataka kukisaka kiota akichome usiku. Shangazi alikataa katakata, nami nikasimama naye: mavu wakichokozwa hushambulia kwa kundi zima. Tukapiga picha, tukaituma kwa programu ya Asian Hornet Watch, pamoja na mahali tulipomwona.

Wakaguzi walipokuja waliweka chambo kitamu, wakawatia rangi mavu waliotua, wakahesabu dakika za kwenda na kurudi ili wakadirie umbali wa kiota. Shangazi alishinda nao bustanini, akimfuata kwa macho kila aliyeruka na kuwaonyesha upande alikoelekea. Kiota kilikuwa juu kabisa ya mwaloni, kimefichwa na majani.

Kilishushwa kabla malkia wapya hawajatoka. Wangetoka, wangejificha wakati wa baridi, na kila ambaye angenusurika angeweza kuanza kiota chake mwaka unaofuata. Kibanda cha bustani na mapaa ya nyumba sasa anayakagua Baba Salma mwenyewe, simu mkononi, na kandambili zake miguuni.