Sufuria la Mama Limepigwa Picha Kansas

Mama, Baba, na Shangazi wa Butiama (najua barua itasomwa kwa sauti, basi wadogo zangu nyamazeni),

Jana posta iliniletea bili yenye picha ya gari langu kwa nyuma. Buti halijafungika, limekazwa kwa kamba kama mzigo wa stendi ya Bweri, na katikati ya kamba lile sufuria la pilau, kitako cheusi ti, linaitazama kamera bila haya.

Ni hivi. Tulikuwa tunakwenda harusini Dallas kutoka Minneapolis, kama kilometa 1,500; Musoma hadi Dar na chenji inabaki. Ndani ya gari tulikuwa mimi, jamaa mmoja wa Bunda anayesinzia hata akishika usukani, na sufuria.

Iowa ni mahindi. Unalala, unaamka, mahindi. Na hakuna hata mtu mmoja aliyekaa na jiko la mkaa anachoma! Mengine ni ya mifugo, mengi hugeuzwa spiriti ikachanganywa kwenye petroli. Kwa hiyo katikati ya mashamba yale gari lilikunywa mahindi, sisi wawili tukashinda njaa.

Kansas ndiko kwenye barabara ya kulipia. Kulipia njia nyie mnakujua: pale Daraja la Nyerere, Kigamboni, kuna kibanda, kibandani kuna mtu, unalipa, mti unanyanyuka. Hawa tangu Julai 1, 2024 hawapokei fedha taslimu. Kibanda hakuna, mti hakuna. Kuna chuma kimepita juu ya lami, kimebeba vijisanduku vyenye macho. Mimi na adabu zangu nikapunguza mwendo, nikashusha kioo, nikatoa mkono na noti ya dola kumi, naupa upepo. Lori la nyuma likapiga honi hadi sufuria likaitikia.

Jamaa akazinduka. "Tumefika Lamadi?"

Nikamwambia bado, ila serikali ya huku ina huruma, barabara yote hii ni bure. Nilihutubia huruma hiyo hadi mpaka wa Oklahoma. Kumbe mashine imeshasoma namba za gari, imemtafuta mwenyewe, imejua mtaa na mlango. Mwenye kibandiko kiooni hukatwa kidogo kidogo kwenye akaunti yake. Asiye nacho hutozwa zaidi, kwa barua. Hata nafasi ya kusema "afande, tuelewane" sikuipata.

Nami ndiye niliyekuwa nawalaani trafiki wa Bunda na tochi zao! Trafiki hata akikuandikia atauliza unatoka wapi, unakwenda wapi, na hilo sufuria ni la nini. Huku, siku mbili njiani, hakuna aliyeuliza. Vituo vya kupumzikia ni visafi kuliko sebule yetu, lakini dirishani haji mtu na mayai wala miwa. Ipo mashine ya biskuti, ilimeza dola yangu ikabaki kuunguruma. Pale Ndabaka hata nyani hukaa kando ya lami wakutazame unavyopita. Kati ya Minneapolis na Dallas aliyenitazama mimi ni ile kamera peke yake.

Dallas, lakini! Mlango ulifunguliwa, vigelegele, watu kumi wakatoka mbio barazani. Nikapanua mikono. Wakaniomba nisogee kidogo, sufuria lipite.

Bili nimelipa. Picha nimeibandika jikoni. Na Mama, kabla hujaniuliza mbele ya Shangazi: ndiyo, sijalisugua, miaka mitatu sasa. Hapa napikia umeme. Masizi yale yote ni ya kuni zako za Nyasho. Baada ya harusi shemeji mmoja alilichukua, akamwaga sabuni, akashika steliwaya. Nilimnyang'anya mbele za wakwe.