Mbinu za Kukatakata Maneno Bila Kuonekana Mvivu

Umepewa kazi ya kutengeneza kisanduku cha kutafutia, na bosi anataka kijue Kiswahili. Usihangaike kuifundisha kompyuta sarufi. Inatosha ionekane inaijua. Silaha yako ni rejeksi, zile fomula za alama zilizotoka kwenye hisabati ya Stephen Kleene miaka ya 1950, na Ken Thompson akaonyesha mwaka 1968 jinsi kompyuta inavyoweza kuzitumia kutafuta maandishi.

1. Usikate, okota. Wengi hukata penye nafasi, kisha wanashangaa kwamba "mahindi," yenye koma haipatikani ukiandika "mahindi". Wewe eleza neno likoje, uiachie programu iyaokote yenyewe. Kabla ya hapo, geuza herufi zote kubwa ziwe ndogo.

2. Mlinde ng'ombe. Hapa ndipo wajuaji huumbuka. Alama \w, inayopendwa kwa ufupi wake, haiitambui ritifaa. Ipe "ng'ombe" na itakurudishia "ng" na "ombe", vipande viwili ambavyo hakuna mtu atakayevitafuta. Tena ritifaa zenyewe si moja: kuna iliyonyooka (') na iliyopinda (’) ambayo Word huiweka bila kukuuliza. Kwa macho ni zilezile, kwa kompyuta ni alama mbili zisizojuana. Zote zinyooshe kwanza, kisha weka hii:

[a-z0-9]+(?:'[a-z0-9]+)*

Yaani herufi au tarakimu, halafu, kama ipo, ritifaa yenye herufi nyuma yake. Ng'ombe anapita mzima, "ng'ang'ania" pia, na 'kitabu' kilichofungwa kwa alama hizo kinatoka bila alama. Ikariri. Siku ya kuionyesha kwa bosi, isome polepole; watu huheshimu mabano.

3. Mtu akifunga "bei ya mahindi" kwa alama za mtajo, anayataka maneno matatu kwa pamoja. Ongeza "[^"]+"| mwanzoni mwa fomula yako, basi.

4. Sasa hila yenyewe. Msomaji anatafuta "kitabu", makala zimeandika "vitabu". Kanuni maarufu ya Martin Porter ya 1980 hukata mikia ya maneno ya Kiingereza, lakini nomino zetu hubadilika kichwani. Usiandike kanuni hata moja ya ngeli. Katakata kila neno vipande vya herufi tatu tatu vinavyopandana, kwa (?=(...)), kisha hesabu vinavyofanana. Kitabu: kit, ita, tab, abu. Vitabu: vit, ita, tab, abu. Vitatu kati ya vinne ni vilevile! Mtoto na watoto nao watakutana kwenye tot na oto, na msomaji ataapa kwamba programu yako imesoma fasihi.

5. Jino na meno hayatakutana hata kwa kipande kimoja, na jicho litagusana na macho kwa cho tu, kipande ambacho hata chombo kinacho. Jozi za namna hiyo ziandikie orodha kwa mkono. Kila msomaji anapolalamika, ongeza jozi yake jioni hiyohiyo.