Noeli ya Watu Wangapi?

Ushauri wa michezo ya Noeli kwa familia huanza karibu kila mara na sharti moja: ikusanye familia yako. Anayeandika hivyo hajawahi kuishi Mbugangari, mtaa wetu wa Gisenyi, Rwanda. Huku watu hujikusanya wenyewe. Kazi iko katika kujua wanaishia wapi, maana nyumba ya Shangazi iko kwenye njia ya kutoka sokoni kwenda mpaka mdogo wa Goma, na maelfu ya watu huvuka mpaka huo kwa miguu. Anayepita hapo saa ya chakula asiingie, Shangazi humhesabu kuwa na kinyongo.

Kwa sababu hiyo Shangazi ana daftari. Ni daftari la shule, la mistari, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila Desemba huandika humo majina ya watakaokula Noeli kwake, hujumlisha, hupiga mstari chini mara mbili, kisha huficha kalamu. Mwaka jana jumla ilikuwa 28. Mimi nilikuwa karani wake, cheo nilichopewa kwa kuwa nilisoma na sikuweza kusonga ugali.

Pigo la kwanza lilitoka ng'ambo. Shemeji yake wa Goma alipiga simu mkesha wa mkesha, sauti ikikatika kwa sababu simu zetu huku haziamini kwamba ziko Rwanda. Ukigeuka tu, zinadaka mtandao wa Kongo. "Tunakuya batatu tu, shemeji," alisema. "Usijisumbue." Walifika na kujaza benchi zima. Yeye, mkewe na kitinda mimba wao ndio walikuwa wale watatu. Waliobaki, alieleza, walikuwa wanawasindikiza tu. Niliwatazama hao wasindikizaji: walikuwa wamevuka mpaka wa kimataifa, karatasi zao zimepigwa muhuri, wamevaa vitenge vipya, na mmoja alikuja na kijiko chake. Shangazi aliniomba kalamu.

Mchezo wa kwanza katika kila orodha ya Noeli ni kupamba mti. Huku tunatumia sipresi, mti usio na matatizo yoyote isipokuwa wanaoupamba. Wa mwaka jana uligota dari. Baba alisema ukatwe chini. Shangazi alisema chini ndiko kwenye matawi mazuri. Wakati wanabishana, binamu yangu aliukata juu, nyota ikakosa pa kukaa. Mwishowe ilifungwa kwa uzi shingoni mwa mtoto mdogo kuliko wote, akaamrishwa asimame karibu na mti kila mgeni anapoingia.

Ikaja zamu ya theluji. Mbugangari iko kusini kidogo tu ya ikweta, na theluji tunayoijua ni ule weupe unaoonekana asubuhi moja moja kwenye kilele cha Karisimbi, mita 4,507 kutoka usawa wa bahari, ambako hakuna mtoto anayekubali kutumwa. Tulinunua pamba ya duka la dawa tukaitandaza matawini. Lakini ardhi yetu ni ya mawe ya volkeno, meusi na yenye makali, na mtoto mwenye viatu vipya husahau jinsi ya kukimbia. Kila goti lililochubuka lilidai kipande cha theluji. Jioni ya tarehe 24 mti ulikuwa mtupu, na majira ya baridi yalikuwa yamehamia magotini.

Jioni hiyohiyo Shangazi alitoka saluni. Alikuwa amekaa kwenye foleni tangu asubuhi, na sasa nywele zilikuwa zimepanda juu ghorofa mbili, zimeshikwa na pini ambazo hata yeye hakujua idadi yake. Mvua ilikuwa inaanza. Alisimamisha pikipiki. Dereva, kijana mwenye adabu, akamnyooshea kofia ngumu, kwa sababu katika nchi hii abiria wa pikipiki hapandi bila kofia. Shangazi aliitazama ile kofia, akamtazama kijana, akauliza kama anaona nywele. Kijana akasema anaziona, mama, na ni nzuri sana, ila polisi wako pale mbele. Tukarudi kwa miguu: Shangazi katikati, watoto wanne wameshika miavuli minne juu yake, mimi nyuma nimebeba pochi. Watu walitoka madukani kututazama. Mzee mmoja alivua kofia akidhani tunatoka kuzika. Yalikuwa matembezi ya familia yaliyofana kuliko yote niliyoyaona mji huu, na hayakuwa kwenye ratiba.

Siku yenyewe, baada ya misa, uliamriwa mchezo wa ziwani: watoto waende wakapate hewa, maana yake watoke jikoni. Kivu ni ziwa jema kwa watoto kwa kuwa halina mamba wala kiboko. Wakazi wake maarufu ni samaki waitwao sambaza, ambao nao si wenyeji. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu wakati uleule kiwanda cha bia kilipoanza kazi hapa Gisenyi. Kwamba kitoweo na kinywaji viliwasili kwa pamoja, wazee wetu hawaamini kuwa ilikuwa bahati tu. Na sambaza walifanya kile ambacho kila mgeni wa mji huu hufanya: walikuja, wakazaana, wakakaa.

Tulitoka na watoto tisa. Wote walivaa mashati mekundu na suruali za bluu, kwa kuwa fundi mmoja pale sokoni alipata jora zuri la kitambaa chekundu. Tulipofika ufukweni tukagundua kwamba fundi huyo hakuwa na wateja wa nyumba yetu pekee. Nusu ya mchanga ilikuwa nyekundu. Binamu yangu aliwahesabu watoto kila robo saa, na kila mara alipata tisa, akatulia. Tulirudi na tisa kamili. Shangazi aliwapanga mstari ili wanawe mikono, akafika kwa wa sita, akainama, akauliza kwa upole, "Na wewe, mwanangu, ni wa nani?"

Mtoto akamtajia mtaa ulio upande wa pili wa mji. Hakuwa na wasiwasi wowote. Aliuliza kama chakula kimeiva. Wetu aliletwa baada ya saa moja na familia ya watu wataratibu sana, akiwa ameshakula, amepakwa mafuta, na amejifunza wimbo. Hao waliomleta hawakuweza kuondoka bila kukaa. Kalamu ikatoka tena.

Kuhusu nyama sina malalamiko. Majirani wana kikundi cha akiba, ikimina, kinachochanga mwaka mzima na kununua ng'ombe wa sikukuu. Anagawanywa kwa mizani mbele ya macho ya wote, na huo ndio mchezo pekee wa Noeli wenye waamuzi wa kutosha. Pilau ndiyo ilikuwa na hatari, na ilikuwa mikononi mwa jirani yetu Mwislamu, kwa makubaliano ya miaka mingi kwamba yeye hutupikia Noeli na Shangazi humtengenezea mandazi ya Idi. Jirani huyu ni mtaalamu wa takwimu. Shangazi alipomwambia watu 28, aliitikia "sawa, dada," akaenda kupima mchele wa watu 60.

Wakati sufuria inafunikwa makaa, ulifanyika mchezo wa kuchota majina. Unaandika jina la kila mtu, unakunja karatasi, mnachota, na kila mmoja anampa zawadi aliyemchota. Bei isizidi faranga 2,000. Kwa watu wanaojulikana idadi ni mchezo mtamu. Kwetu, kila nilipomaliza kukunja, mlango ulilia. Shemeji wa Goma alijichota mwenyewe mara mbili mfululizo, akadai hiyo ni sauti ya Mungu. Mlangoni alisimama kijana mrefu mwenye koti la kijani, ndevu kidogo, amejikunyata asimzibie mtu njia. Nikamwuliza jina. Akanitajia, nikaandika, akaambiwa achote, akachota. Nilidhani ni msindikizaji wa Goma. Watu wa Goma, nilikuja kujua, walidhani ni mmoja wa wale wataratibu wa ziwani.

Zawadi zilipofunguliwa ilionekana kwamba kwa faranga 2,000, karibu na nyumba, muuzaji ni mmoja na bidhaa ni moja. Kila mtu alimpa mwenzake kikombe cha bati chenye maua ya waridi, akapokea kikombe cha bati chenye maua ya waridi. Watu walishukuru kwa dhati. Shangazi alifurahi kuliko wote, kwa kuwa tangu asubuhi alikuwa anawaza watu hawa wote watanywea nini.

Baada ya kula ukaja mchezo wa kuigiza. Fransisko wa Asizi alipoandaa pango la Noeli lenye wanyama hai huko Greccio mwaka 1223, alikuwa na ng'ombe na punda. Ng'ombe wetu alikuwa ameshagawanywa. Tulikuwa na mbuzi mmoja wa jirani na watoto wengi kuliko Injili inavyohitaji, na kila mmoja alitaka kuwa mfalme, kwa kuwa mfalme huvaa kitenge cha mama. Mamajusi walitokea saba. Mchungaji hakupatikana hata mmoja, kwa hiyo malaika alimtangazia mbuzi habari njema. Nyota ya mashariki, bado na uzi wake shingoni, ilikuwa imelala chini ya meza, na Mamajusi walilazimika kupiga magoti kuifuata.

Shida ilikuwa Yusufu. Mvulana aliyefundishwa nafasi hiyo wiki mbili alikuwa ametorokea mpirani. Maria ameshakaa, mtoto wa kuazima ameshaanza kununa, Herode ameshatoa upanga. Binti wa Shangazi, mwelekezaji wetu, alitupa macho ukumbini na kumwona yule mrefu wa koti la kijani, sahani yake ya pili mkononi.

"Wewe kaka, njoo hapa. Simama nyuma ya Maria."

"Mimi? Lakini nilikuja ku..."

"Usiseme kitu. Yusufu hasemi."

Alikuwa sahihi. Katika Injili zote nne Yusufu hatamki neno hata moja. Anaota, anaamka, anabeba mizigo. Kijana alisimama wima, mikono nyuma, uso umejaa mashaka ya mtu aliyejikuta ndani ya jambo kubwa asilolielewa. Sijaona Yusufu bora zaidi. Mtoto alipolia alimpokea akambembeleza. Mbuzi alipoanza kula kitenge cha mfalme wa nne alimtoa nje bila kelele. Shemeji wa Goma alifuta machozi, akaninong'oneza, "Huyu kijana wa kwenu ana kipaji."

Nikamwambia, "Si wa kwenu?"

Tulitazamana. Wakati huo watu walikuwa wanapangwa kwa picha ya familia, na Yusufu aliwekwa katikati, bega kwa bega na Shangazi, kwa sababu ya urefu. Picha hiyo imechapishwa kubwa na imetundikwa sebuleni.

Jua lilipoelekea kuzama, wa Goma walianza kuaga wawahi kabla mpaka haujafungwa. Kijana naye akasogea, amekishika kikombe chake cha waridi, akakohoa kidogo.

"Mama, samahani. Nilikuja kuchukua chupa."

"Chupa gani, mwanangu?"

"Za fanta. Kreti tatu. Bosi alinituma saa sita."

Palikuwa kimya. Duka la vinywaji lililotukopesha zile kreti liko hatua chache kutoka kwetu, na bosi wake, tuliambiwa, alikuwa ametuma kijana wa pili kumtafuta wa kwanza. Shangazi akageuka polepole. Yule wa pili alikuwa uani, na jirani alikuwa anampakulia.

"Sasa wewe," Shangazi akamwambia wa kwanza, "umekaa humu tangu saa sita. Mbona hukusema?"

"Niliambiwa Yusufu hasemi."

Chupa zilihesabiwa. Zilipungua mbili, ambazo baadaye tulizikuta zimekuwa milingoti ya goli nyuma ya choo. Shangazi alilipa faranga za chupa mbili, akafikiri, akaagiza pilau ya bosi ifungwe kwenye jani la mgomba. Kisha aliniomba daftari. Nilidhani anafuta ile 28 na kuandika idadi ya kweli. Alifungua ukurasa mpya, akaandika Noeli ya mwaka huu, na chini yake, nambari moja: duka la vinywaji, watu watatu.

"Watatu kamili," nikamwambia. "Si ni bosi na vijana wawili tu. Hawana mtu mwingine."

"Ndiyo," akasema, akificha kalamu. "Na watakaotumwa kuwatafuta utawaandika wewe."